Bustani Hufa kwa Kiu: Historia ya Maji, Fedha na Mboga Kusini mwa Pwani

    

Leo tunazungumza juu ya mboga, lakini hatuanzii jikoni. Tunaanzia kisimani, na safari yetu itaishia kwenye daftari la mweka hazina wa kikundi. Huenda ukajiuliza: kisima na daftari vina uhusiano gani na afya ya mtoto wangu? Tega sikio, utaona.

Mboga inayotoka mbali

Ukipita Ukunda jioni, pale Kona ya Musa au Mwamambi, utaona mafungu ya mboga yamepangwa juu ya magunia. Mengine yamelimwa papa hapa. Lakini sukuma wiki, kabeji, karoti na nyanya nyingi zimetoka bara. Zimeshushwa soko la Kongowea, zikapakiwa tena, zikavuka feri ya Likoni, ndipo zikafika kwako. Kila aliyezibeba amelipwa, na malipo hayo yote yamo katika bei unayoambiwa. Nalo jani lililosafiri siku mbili juani limepoteza sehemu ya vitamini zake njiani.

Mama mwenye fedha kidogo hununua unga kwanza. Akibakiwa na kitu hununua kitoweo. Mboga hungoja mwisho, na mara nyingi fedha huisha kabla ya zamu yake. Usiku mtoto analala ameshiba, lakini kushiba si kulishwa.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku. Majani ya kijani yana vitamini A ya kulinda macho na kusaidia mwili kupigana na maradhi. Yana madini ya chuma ya kutengeneza damu, na foliki ambayo mama mjamzito anaihitaji tangu siku za mwanzo kabisa za mimba. Mtoto anayekosa chakula cha namna mbalimbali kwa muda mrefu hudumaa, yaani hubaki mfupi kuliko umri wake, na akili yake pia huweza kuathirika.

Nchi yetu imepiga hatua. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto 35 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2014 walikuwa 26, na mwaka 2022 wakawa 18. Lakini katika uchunguzi huo wa 2022, kwa jirani zetu wa Kilifi walikuwa 37 katika kila 100. Kwa hiyo Pwani bado tuna kazi.

Zamani mboga haikununuliwa

Waulize wazee wa Kidigo na Kiduruma. Watakutajia mchunga, ule mchungu ambao Wadigo huuita mtsunga. Watakutajia mnavu, mchicha, majani ya kunde, kisamvu, matembele, majani ya maboga na bamia. Nyingine zilipandwa kati ya muhogo na mahindi, nyingine zilijiotea zenyewe baada ya mvua. Mwanamke alikwenda shambani na ukaya au kikapu, akarudi na kitoweo cha jioni. Aliunga kwa tui la nazi. Fedha haikuhitajika. Na kazi ilipokuwa kubwa, watu walisaidiana kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wadigo huuita ushirikiano huo mweria.

Mambo yalibadilika pole pole. Ardhi ikapandwa minazi na mikorosho ya biashara. Kule Ramisi kukawa na mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, na watu wengi wakazoea kungoja mshahara. Kisha Diani ikawa mji wa hoteli. Vijana walitoka mashambani wakaenda kufanya kazi ufuoni. Watu waliongezeka, viwanja vikagawanywa, nyumba za kupanga zikajengwa mlango kwa mlango. Mpangaji hana pa kupanda hata mche mmoja wa mchicha.

Mshahara ni kitu kizuri, lakini mshahara hukatika. Kiwanda cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Agosti 1997 ghasia za Likoni zilifukuza watalii, na hoteli zikabaki tupu. Machi 2020 ugonjwa wa korona uliingia nchini, hoteli zikafungwa tena, na wafanyakazi wakarudishwa nyumbani. Machimbo ya titani ya Base Titanium, yaliyoanza kusafirisha madini mwaka 2014, yalimaliza kazi Desemba 2024. Mama wa Msambweni aliyeishi miaka hiyo yote anajua jambo moja: mshahara ukikatika, kinachotoka sahani mwanzo ni mboga, matunda na samaki. Unga hubaki peke yake.

Ndiyo sababu watu husema, tuanzishe bustani ya kijiji. Ni neno jema. Lakini bustani inataka maji, na maji yanataka fedha. Hapa ndipo historia ya Kwale ina somo kubwa.

Pampu zilizokabidhiwa kina mama

Milima ya Shimba ina chemchemi za Marere, na tangu zama za ukoloni maji yake yamekuwa yakipelekwa Mombasa kwa bomba. Huku chini, mama wa kijijini aliendelea kuteka kwenye visima vya wazi na madimbwi. Kuhara na maradhi ya ngozi yalikuwa ya kawaida.

Dunia ilikuwa imetangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa muongo wa maji safi. Mwaka 1983 ukaanza mradi wa kujaribu pampu za mkono hapa pwani ya kusini. Serikali ilishirikiana na Umoja wa Mataifa, Benki ya Dunia na shirika la misaada la Sweden, SIDA. Mwanzoni nia kubwa ilikuwa ya kifundi: kujua ni pampu gani inayodumu. Lakini walitambua upesi kwamba pampu nzuri isiyo na mwenyewe huharibika kama pampu mbaya. Basi likaletwa shirika la Kenya la maji na afya, KWAHO, ili lizungumze na wanavijiji.

Wafanyakazi wa KWAHO walikaa na watu. Waliuliza: nani huteka maji? Jibu lilikuwa moja tu. Basi, kama mwenye kuteka ni mwanamke, mbona ufunguo wa pampu akae nao mtu mwingine? Kamati za maji zikaundwa kijiji kwa kijiji. Wanawake wakafundishwa kufungua pampu, kubadilisha mipira iliyochakaa na kuifunga tena. Wakachaguliwa kuwa waweka hazina. Kamati zikafungua akaunti za benki na kuweka humo michango ya kutengenezea pampu. Kwa wengi wa kina mama hao ilikuwa mara ya kwanza kushika kitabu cha benki.

Katika kazi hiyohiyo ilikamilishwa pampu inayoitwa Afridev. Ilibuniwa kwa makusudi iweze kutengenezwa kijijini. Unaifungua kwa spana moja, na unaweza kutoa sehemu zinazochakaa bila kung'oa bomba zima kutoka kisimani. Leo Afridev inatumika katika nchi nyingi za Afrika na hata Asia. Watu wa Ethiopia na Msumbiji wanateka maji kwa pampu ambayo kina mama wa Kwale walisaidia kuijaribu. Jambo hilo si dogo, mama. Wasimulie watoto wako.

Kilichotokea baadaye

Hadithi haikuishia hapo, na tusifiche upande wa pili. Mradi wa wafadhili ulipomalizika, kamati nyingine ziliendelea vizuri na nyingine zililegea. Michango ikasahauliwa, waliofundishwa wakazeeka au wakahama, vipuri vikawa vigumu kupatikana. Pampu nyingi zilisimama kimya, na watu wakarudi kwenye maji ya wazi.

Katika miaka ya 2010 jambo jingine likajaribiwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya waliweka vifaa vidogo vya simu kwenye mikono ya pampu za Kwale, ili ijulikane mara moja pampu ikiacha kufanya kazi. Ikaanzishwa kampuni ya mafundi iitwayo FundiFix. Kijiji kilicholipa ada ndogo kila mwezi kilitengenezewa pampu yake kwa siku chache badala ya kungoja wiki nyingi.

Tunajifunza nini? Tunajifunza kwamba fedha za kuanzisha ni rahisi kupata kuliko fedha za kuendesha. Mfadhili hupenda kupigwa picha siku ya uzinduzi. Hakuna anayekuja kupiga picha siku ya kununua mpira wa pampu. Lakini mpira huo ndio maji, na maji hayo ndiyo mboga.

Bustani ni vivyo hivyo. Mara nyingi kikundi hupewa mbegu, mikebe ya kumwagilia, mipira ya matone na tangi kubwa. Mwaka wa kwanza mchicha ni tele. Mwaka wa pili koki ya tangi inavunjika. Koki si ghali, lakini hakuna hata shilingi iliyowekwa kwa ajili yake. Januari jua linawaka, na kufikia mvua za masika, kitalu kimekuwa malisho ya mbuzi. Watu husema, kina mama wamechoka. La, hawakuchoka. Bustani imekufa kwa kiu, na kiu ilianzia katika daftari.

Fedha za bustani zimetoka wapi?

Tuangalie kwa ufupi. Mwaka 1962 vilianzishwa vilabu vya 4K shuleni, yaani Kuungana, Kufanya na Kusaidia Kenya. Wengi wetu tulijifunza humo kupanda mboga. Vilififia, na mwaka 2021 serikali ikavizindua upya. Mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai alianzisha Green Belt Movement. Wanawake walilipwa fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Angalia neno hilo: uliopona, si uliopandwa tu. Huo ulikuwa werevu mkubwa, kwa sababu fedha ilifuata utunzaji.

Mwaka 2005 Wizara ya Kilimo ilianza mpango wa Njaa Marufuku Kenya, uliotoa ruzuku kwa vikundi. Mwaka 2007 ukaja Mfuko wa Wanawake, unaokopesha vikundi. Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza bustani za magunia katika mtaa wa Kibera, Nairobi. Gunia linajazwa udongo na samadi, katikati linawekwa nguzo ya mawe ya kupitishia maji, na miche inapandwa juu na ubavuni. Mpangaji asiye na ardhi akapata shamba mlangoni pake. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa bustani milioni moja za nyumbani.

Na hapa kwetu Gazi kuna mfano wa aina yake. Tangu 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wanalinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za hewa ya ukaa kwa wanunuzi wa ng'ambo. Fedha hazigawanywi mfukoni. Watu hukaa mkutanoni wakaamua zifanye nini, na zimetumika kwa maji na kwa shule. Mikoko si mchicha, lakini somo ni moja: fedha inayotoka kwenye kitu mnachokilinda wenyewe hurudi kila mwaka.

Kwa hiyo, mama, zijue aina tatu za fedha. Ruzuku hairudishwi, na inafaa kwa vitu vikubwa vya mara moja: kisima, tangi, ua. Mkopo hurudishwa, na unafaa kwa kitu kinacholeta fedha upesi, kama mbegu na samadi, maana mchicha huvunwa kwa wiki tatu au nne tu. Usikope ili kuchimba kisima. Deni litakusumbua kabla maji hayajatoka. Aina ya tatu ni akiba yenu wenyewe. Hiyo ndiyo ya koki, ya mpira na ya fundi. Msiiombe kwa mtu.

Tufanye hesabu. Kikundi cha watu 20, kila mmoja akiweka shilingi 50 kwa wiki, ni shilingi 1,000 kwa wiki, yaani 52,000 kwa mwaka. Mkitenga robo tu kwa ajili ya maji, mna shilingi 13,000. Koki zitanunuliwa, na fundi atalipwa.

Ukitaka kuanza, fanya hivi

Kwanza, hakikisheni ardhi. Ukunda na Diani kiwanja kitupu leo ni nyumba kesho. Msipande kwa neno la mdomo tu. Ombeni pembe ya shule, zahanati au msikiti, na muandikiane ni miaka mingapi mtatumia. Barua iwe na mashahidi. Kama hampati, tumieni magunia, kwani gunia huhama pamoja na mpangaji.

Pili, hakikisheni maji kabla ya mbegu. Karibu na bahari visima vingine huwa na chumvi, hasa kiangazi. Jaribuni kitalu kidogo kwanza. Kama mna pampu, maji yanayomwagika yaelekezeni kwenye matuta ya mboga. Hata maji ya kuoshea mchele yanafaa. Bustani isiwe karibu na choo cha shimo wala penye taka za gereji.

Tatu, sajilini kikundi. Chini ya sheria ya mwaka 2022, kikundi kinataka watu wasiopungua 10. Nendeni ofisi ya maendeleo ya jamii. Bila cheti hakuna mfuko utakaowasikiliza.

Nne, daftari liwe wazi. Wekeni watu watatu wa kutia sahihi benki. Hesabu zisomwe kwa sauti kila mwezi, hata kwa mwanachama asiyejua kusoma. Siri ndogo ya fedha huvunja kikundi kuliko ukame.

Tano, nendeni kwenye vikao vya bajeti. Tangu 2013 kilimo kiko chini ya serikali ya kaunti, na Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa na kupata chakula cha kutosha. Kwa sheria, mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo ukisubiri Juni kulalamika, umechelewa. Mkisikia mkutano wa maoni ya wananchi umeitwa katika wadi yenu, nendeni wengi, na mwende na ombi moja lililoandikwa. Msiseme tu "tusaidieni kina mama". Semeni: tunaomba kisima na tangi mahali fulani, sisi wenyewe tutalipia matengenezo, na hii hapa akiba yetu. Kiongozi atakayesikia hivyo hana pa kukwepea.

Kutoka bustani hadi kinywani

Sasa tumerudi jikoni. Mboga ikishavunwa isikae juani. Ioshe kabla ya kuikata, si baada ya kuikata. Pika kwa muda mfupi na maji machache, na usiyamwage yale maji. Tui au mafuta kidogo husaidia mwili kupokea vitamini A, kwa hiyo upishi wa nyanya zetu ulikuwa sahihi. Kamulia ndimu, au kula na embe au chungwa, ili madini ya chuma yaingie mwilini vizuri. Chai isinywewe pamoja na chakula, maana huzuia madini hayo. Ngoja saa moja hivi.

Mtoto akitimiza miezi sita, endelea kumnyonyesha na umwanzishie chakula cha nyongeza. Mboga iliyopondwa vizuri iwemo. Mpeleke kliniki apate vitamini A mara mbili kwa mwaka hadi atimize miaka mitano. Na mama mjamzito, bustani haichukui nafasi ya vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Kula mboga na umeze vidonge.

Kuna neno la mwisho kwa kina baba. Pampu za Kwale zilifanya kazi pale wanaume walipokubali wake zao washike spana na kitabu cha benki. Walioteka maji ndio walioyalinda. Basi na anayepika mboga awe na sauti juu ya ardhi, maji na fedha za bustani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba kitunzwe na mwenye kukihitaji.

Kwa leo tuishie hapa. Kabla ya kipindi kijacho, jadilianeni katika kikundi chenu maswali haya:

1. Pampu au kisima cha kijiji chetu kilichimbwa lini, na nani alikuwa mweka hazina wa kwanza? Kama yu hai, tumwalike atusimulie.
2. Kitu gani kidogo kikivunjika kesho kitaiua bustani yetu? Je, fedha za kukinunua zipo?
3. Ni mboga gani za kienyeji nyanya zetu walikula ambazo watoto wetu hawazijui? Nani ana mbegu?